Walivyomwamulia Kengele

Jina lake halisi walilijua mkewe, kaka yake na makarani wachache. Wengine wote walimwita Kengele, naye alikuwa amelizoea hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye vyeti ungesubiri sana kuitikiwa. Alikuwa dalali wa mnada. Kila Jumamosi asubuhi alipanda juu ya meza ya mbao katika uwanja ulio nyuma ya maghala, akasafisha koo, akaanza kuwauzia watu vitu ambavyo watu wengine walikuwa wamevichoka: makabati, friji, vitanda vya chuma, redio, feni zenye shingo legevu, mashine za kufulia zilizokwisha kuhama nyumba kadhaa.

Sauti ndiyo iliyokuwa duka lake. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo kwa chini, na ilitoka tumboni bila kujikaza. Kipaza sauti alikuwa nacho, ila alikishika kwa heshima tu.

"Bwana wa kofia nyekundu," angesema, "usilitazame kabati kwa aibu kama umekutana na mama mkwe sokoni. Lisogelee, haling'ati!"

Umati ungeangua kicheko, bwana wa kofia nyekundu angesogea, na kabla hajajua kilichompata angekuwa anahangaika kutafuta mkokoteni wa kubebea kabati. Mwenzake wa kazi, mtu mmoja mnene aliyeitwa Kipara, ndiye aliyeinua bidhaa juu watu wazione. Kipara alikuwa na kawaida ya kusema kwamba Kengele angeweza kumuuzia samaki maji.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu, aliyeshinda Jumamosi nzima akiwahimiza wenzake waamue upesi, nyumbani hakuwa mtu wa kuamua chochote. Mkewe, mshonaji wa mapazia, ndiye aliyechagua rangi za kuta, shule za watoto na hata viatu vya mumewe. Mambo mazito yalipelekwa kwa kaka yake mkubwa, karani wa mahakama mstaafu, ambaye alizungumza polepole huku akibonyeza vidole vyake kimoja kimoja. Kaka akishasema, faili limefungwa. Kengele hakuona ubaya. "Mimi niliajiriwa mdomo tu," alipenda kusema. "Kichwa waulizeni wenye nacho." Watoto wao wawili walikuwa watu wazima, wamekwenda kutafuta maisha mbali, wakipiga simu Jumapili.

Ukavu wa sauti ulianza kama mchezo. Jumamosi moja alishuka mezani akiwa amepwelewa na sauti, akadhani ni vumbi. Alitafuna tangawizi. Akanywa asali na maji ya moto. Akanunua dawa ya kifua, ikaisha, akanunua nyingine. Miezi ikapita na sauti ikazidi kukwaruza, mpaka wateja wakamtania kwamba amemeza msumeno. Alicheka nao. Lakini alipomeza mate alihisi kitu, kama punje ya mchele iliyokataa kushuka, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Mkewe ndiye aliyemkamata. Alimwona mezani anakula huku amekunja shingo upande.

"Baba watoto, unaumwa."

"Nimelala vibaya."

"Mwezi mzima umelala vibaya? Kesho tunakwenda hospitali."

Walianzia hospitali ndogo, wakatumwa kubwa. Huko wakamwingiza mpira wenye taa puani hadi kooni, wakakata kinyama, wakamwambia arudi kwa majibu. Siku ya majibu kaka alikuja amevaa koti lake la mahakamani. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kina dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe hadi katikati, meza ya chuma na viti viwili, hivyo kaka na mke walikaa, Kengele akasimama kama mtu aliyesindikiza wagonjwa. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani mizito, aliinuka akampisha kiti chake mwenyewe.

"Mzee wangu, majibu yamerudi," alisema. "Kuna mambo ya kuzungumza, na kuna uamuzi wa kufanya. Nianze kukueleza."

Kaka alinyoosha mkono. "Samahani, daktari. Sisi kwetu mgonjwa hasumbuliwi kichwa. Zungumza nasi, yeye tutamfikishia."

Daktari alimgeukia Kengele na kumtazama usoni. "Wewe mwenyewe unasemaje? Wengine wanapenda kuambiwa kila kitu na kuamua wenyewe. Wengine wanapenda ndugu zao wabebe mzigo. Yote mawili nayaheshimu. Ungependa nizungumze na nani?"

Kengele alihisi ile punje kooni imekuwa jiwe. Alijua, kama mtu anavyojua mvua kabla haijanyesha, kwamba neno lililokuwa midomoni mwa yule mama lilikuwa kubwa kuliko yeye. Akafanya alichokuwa akifanya siku zote akibanwa. Akatania.

"Daktari, mimi kazi yangu kuuza, sinunui. Zungumza na wanunuzi hawa."

Wote wakacheka. Hata daktari alitabasamu. Naye Kengele akafungua mlango akatoka, akiwa ameshika kofia yake.

Alikaa kwenye benchi la korido. Kando yake alikaa mwanamke aliyebeba bahasha ya picha za eksirei, na Kengele, kwa sauti iliyobaki, akamweleza jinsi alivyowahi kumuuzia mtu kitanda ambacho mtu huyo alikuwa amekileta mwenyewe kuuzwa. Mwanamke alicheka hadi akafuta machozi. Mlango haukufunguka. Kengele akasimulia kisa kingine. Mlango ulipofunguka hatimaye, kaka alitangulia akiwa anabonyeza vidole, na mke akafuata, amejitanda khanga hadi kidevuni ingawa hakukuwa na baridi.

"Ni uvimbe, mdogo wangu," kaka alisema. "Watautoa. Utalazwa, utapumzika, utarudi nyumbani."

"Watautoa tu?"

"Watautoa."

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitafuta kitu mkobani, na aliendelea kukitafuta hadi walipofika getini.

Angeweza kuuliza. Kila siku ya wiki ile angeweza kuuliza; mkewe alikuwa palepale, anashona, cherehani inanguruma na kunyamaza. Mara mbili alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, akafungua mdomo, akaishia kuomba chai.

Jumamosi kabla ya kulazwa alipanda mezani kama kawaida. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini siku hiyo, sijui kwa nini, ilimtii. Aliuza kila kitu hadi kiti kimoja kilichopoteza wenzake. "Kiti cha mtu mwenye mawazo yake!" alipiga kelele. "Kwako hakuna atakayekuja kukaa kando yako akusumbue!" Katikati ya kicheko alimwona mkewe amesimama nyuma kabisa ya umati, karibu na geti. Mkewe hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu watoto wakiwa wadogo. Alikuwa amesimama wima, mikono imefungwa kifuani, akimsikiliza kama mtu anayejaribu kukariri. Machozi yalimtiririka. Kengele alidhani ni vumbi la uwanjani, na akamtania kwa kipaza sauti: "Mama yule pale nyuma, usilie, vitu bado vipo!" Umati ukageuka ukacheka. Mke naye akacheka, akaondoka haraka.

Siku ya upasuaji muuguzi alimletea karatasi. "Umeelezwa, mzee?" aliuliza. Kaka, aliyekuwa kando ya kitanda, akajibu kwamba ameelezwa. Kengele akatia sahihi alipoonyeshwa. Hakusoma. Miwani yake ilikuwa kwenye kabati la kitanda, angenyoosha mkono tu akaipata.

Alipozinduka kitu cha kwanza alichokijua ni kwamba anapumua kwa mahali pasipo pake. Hewa ilikuwa ikiingia chini ya kidevu, baridi, kama mtu ameacha dirisha wazi. Alipeleka mkono akagusa bandeji na mrija. Akataka kumwita mkewe. Midomo ikafanya kazi yake, ulimi ukafanya kazi yake, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena kwa nguvu. Kikohozi kikapita kwenye lile tundu na kumtia maumivu hadi macho yakamtoka.

Muuguzi wa zamu alimkimbilia akamshika bega. Alikuwa na sura ya upole. "Usijikaze, baba. Usijaribu. Hakipo tena kile kisanduku cha sauti, si walikueleza? Utazoea. Wengi wanazoea."

Kengele alimtazama. Muuguzi akautazama uso ule, na polepole mkono wake ukatoka begani. "Mungu wangu," alisema, "hawakukwambia." Akaenda kuwaita ndugu.

Walikuja wote wawili. Kaka alizungumza. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, kama anasoma hukumu: kwamba ilikuwa saratani ya koromeo, kwamba palikuwa na njia mbili, moja ya mionzi ambayo ingeweza kuiokoa sauti lakini kupona kwake kulikuwa na mashaka zaidi, na nyingine ya kukata yote, kwamba daktari alisema familia izungumze na mgonjwa, kwamba familia ilizungumza.

Kengele alionyesha kwa kidole simu yake. Mkewe akampa. Vidole vilikuwa vizito, akaandika kwa shida, akawageuzia kioo.

*Nani alisema ndiyo.*

"Sote," kaka alisema.

Akaandika tena. *Mimi nilikuwa nje.*

"Ungekataa," kaka alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Nakujua tangu unatambaa. Ungechagua ile ya kuokoa mdomo, na tungekuzika. Ulitaka tukuzike?"

Mke alikuwa ameushika ukingo wa shuka na kuukunja, anaukunjua, anaukunja, kama anayepima pindo.

Aliporudi nyumbani aligundua kwamba watu wakiona huwezi kusema hudhani pia huwezi kusikia. Majirani walimpigia makelele: "UNAENDELEAJE, MZEE?" Wageni walimwuliza mkewe mbele yake kama amekula, kama amelala, kama anajisikia vizuri. Mke alijibu kila swali. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa amezoea kumjibia, na sasa kazi ile ilikuwa imeongezeka. Shati alimchagulia, uji alimpoozea, mlango alimfungulia. Kengele alikaa sebuleni akitazama televisheni iliyozungumza bila kuchoka, na mara nyingine aliinuka akaizima, kwa sababu alikuwa akiionea wivu.

Hospitali ilimpa kifaa cha kushika shingoni. Ukikibonyeza na kuchezesha midomo, kilitoa maneno ya namna fulani, bapa, yenye mngurumo mmoja tu usiopanda wala kushuka. Alijifunza kukitumia chooni, amefunga mlango. Alipoona anaeleweka, Jumamosi moja alivaa shati lake la kazi akaenda uwanjani. Kipara, aliyekuwa akiuza badala yake kwa kuunguruma na kusahau bei, alimkumbatia akamsaidia kupanda mezani. Watu wakapiga makofi. Kengele akaonyesha birika la umeme lililopasuka mfuniko, akakiweka kifaa shingoni.

"Birika... hili... halina... kelele," kilisema kifaa. "Kama... mimi."

Hakuna aliyecheka. Umati ulinyamaza kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Kisha mtu mmoja akataja bei, mwingine akaongeza, na mwingine akaongeza tena, upesi upesi, bila kutazamana, hadi birika bovu likafika bei ya jiko zima. Aliyelinunua alikuja kulichukua ameinamisha macho na kusema, "Mungu akutie nguvu, mzee." Miaka yote ile Kengele alikuwa amewatoa watu fedha mifukoni kwa kuwachekesha. Sasa walikuwa wakimpa kwa huruma, na yeye alijua tofauti ya fedha hizo kwa kunusa. Alimkabidhi Kipara kipaza sauti, akashuka. Kifaa alikwenda kukiweka kwenye droo ya vijiko, na hakukigusa tena ingawa mkewe alimbembeleza. Akabaki na simu.

Mazungumzo waliyopaswa kuyafanya walikuja kuyafanya mchana mmoja, mvua ikinyesha, mke akiwa kwenye cherehani na pazia la mteja magotini. Kengele aliingia akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika upya, kisha akamwekea simu juu ya meza, kando ya mkasi.

*Ungeniuliza.*

Mke alisoma. Alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Nilitaka," alisema. "Wiki nzima nilitaka. Ulikuwa unakuja kusimama pale mlangoni, nasema leo ataniuliza, akiniuliza namwambia. Halafu unaomba chai."

Kengele aliangalia chini.

"Ngoja nikuulize sasa," mke alisema. "Ningekwambia sauti inakwenda, labda unapona. Au sauti inabaki, labda huponi. Ungeniambia nini?"

Alichukua simu. Kidole kilining'inia juu ya herufi. Alimwona yule bwana wa kofia nyekundu, akaisikia sauti yake mwenyewe ikipita juu ya vichwa. Akajiona pia amelazwa chini ya udongo, na mkewe peke yake katika chumba kile. Alijaribu kwa moyo mweupe kabisa, bila kisasi, kulipata jibu. Akaandika: *Sijui.*

Mke alilisoma neno hilo, akaliinamia pazia la watu, akalia. "Na mimi sikujua. Nilikutaka hai, basi. Hata bubu nilikutaka." Kengele aliweka mkono mgongoni mwake. Aliuacha pale hadi mvua ikapungua. Lakini hasira haikutoka. Ilikaa tu mahali pengine, ndani zaidi, na tangu siku ile haikuwa na mtu wa kumwelekea.

Mwaka haukwisha vizuri. Akaanza kukohoa, akapungua hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Wakarudi hospitali kupiga picha ya kifua na kusubiri. Korido ilikuwa ileile. Siku hiyo palikuwa na binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni na kompyuta bapa mkononi, anapita kwenye mabenchi akiuliza watu maswali. Alisema ni utafiti: wananchi wangependa kushirikishwa kiasi gani katika maamuzi ya matibabu yao? Uamue mwenyewe, uamue pamoja na daktari, daktari akuamulie, au familia ikuamulie?

Benchi zima likachangamka, maana kusubiri kulikuwa kumewachosha.

"Daktari aamue," alisema mama mmoja mnene. "Mimi nimesomea mapishi. Akikosea, ni dhambi yake."

"Hapana!" akadakia fundi mwashi mwenye mguu wa plasta. "Mwili wangu, niulizwe. Hata nyumba ya mtu huvunji ukuta bila kumwuliza mwenyewe."

"Wewe umeulizwa?"

"Sijaulizwa. Ndiyo maana nasema."

Kijana mmoja alisema yeye anataka kuambiwa kila kitu lakini asiamue chochote, na binti wa utafiti akahangaika kutafuta mahali pa kumweka. Akafika kwa Kengele. Aliliona tundu la shingoni lililofunikwa kitambaa, akasita, akamgeukia kaka.

"Samahani, mzee. Huyu angependa nini?"

"Familia," kaka alisema bila kufikiri. "Kwetu ni familia."

Kengele alinyoosha mkono kwa binti. Binti aliona aibu, akampa ile kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na visanduku vinne na maneno mafupi mbele ya kila kimoja. Kengele alivisoma cha kwanza hadi cha mwisho, akavirudia. Alitafuta kisanduku cha mtu aliyeulizwa akatania. Cha mtu aliyetaka wamfuate koridoni, wamshike mkono, wamwambie rudi ndani, usiogope, tuko hapa. Kidole chake kilipita juu ya visanduku vyote bila kushuka. Muuguzi akaita namba yao. Binti alisubiri kidogo, kisha akaipokea kompyuta yake taratibu, akabonyeza kitu, na alipomwona Kengele anamtazama akasema, "Nimeandika hana jibu, baba. Si vibaya, wapo wengi."

Daktari alikuwa yuleyule mama mwenye miwani. Safari hii palikuwa na viti vya kutosha. Alikivuta kiti chake hadi magoti yake yakakaribia ya Kengele.

"Mara ile ulinichekesha, nikakuacha utoke," alisema. "Nimelifikiria sana jambo hilo. Leo sikuachi. Naomba nizungumze na wewe."

Akamweleza. Ugonjwa ulikuwa umerudi na kushuka kwenye mapafu. Hakukuwa na upasuaji wa kuufuata huko. Palikuwa na dawa ya dripu ambayo ingeweza kumsogeza mbele kidogo, na ingemtesa. Au angeweza kukaa nyumbani, wampe dawa za maumivu na za pumzi, mpaka mwisho. Hakuficha neno. Kisha akaweka mikono magotini, akimngoja.

Ndicho kitu alichokuwa amekililia mwaka mzima: kuulizwa. Sasa kilikuwa mbele yake, na Kengele alikitazama akaona hakina kitu ndani. Njia mbili, zote zimeelekea shimo lilelile, na yeye ndiye mheshimiwa wa kuchagua. Aliandika: *Ungekuwa mimi?*

"Sipo kwenye nafasi yako," daktari alisema kwa upole. "Naogopa kukudanganya."

Akaandika tena. *Nyumbani.*

"Hapana," kaka alisema. "Dripu. Mtu hakai nyumbani kungoja kifo kama anangoja mgeni."

"Yeye ameshasema," daktari alijibu. Na kaka, aliyezoea kufunga mafaili ya watu, akabaki kinywa wazi.

Walirudi nyumbani. Wiki za kwanza zilikuwa na utulivu fulani. Mke aliusogeza mkeka wake wa kukatia vitambaa hadi kando ya kitanda akashonea pale. Kipara alikuja na kusimulia minada, akiigiza wateja. Watoto walikuja, wakakaa, wakarudi makazini wakilia. Lakini pumzi iliendelea kupungua. Asubuhi moja ikawa ya kuvuta na kukwaruza kwenye lile tundu, macho yamemtoka, mikono inapapasa shuka. Dawa waliyopewa, mke alimdondoshea kama alivyoelekezwa. Haikufanya kitu alichoweza kukiona. Kaka alikuwa mlangoni anataka kuita gari. Mke alisema, "Alitaka nyumbani." Akasema tena, "Alitaka nyumbani," huku amemshikilia mumewe mabega, na mwili wote wa mumewe ukipigania hewa mikononi mwake. Aliwaza kumwuliza. Simu ilikuwa juu ya kabati. Alimtazama machoni, akaona macho hayapo mahali pa kuulizwa.

Ni mke mwenyewe aliyesema, "Ita gari."

Wodini walimpa oksijeni, wakamtundikia dripu, na jioni pumzi ikatulia kiasi. Kengele alifumbua macho. Aliiona dari ya hospitali, chupa, kamba ya pazia la wodi. Akageuza kichwa akamwona mkewe, na mkewe akajua kwamba ameshajua yuko wapi.

"Nilishindwa," mke alisema. "Nisamehe, nilishindwa kukutazama."

Alichukua simu akaiweka kiganjani mwa mumewe, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Kengele hakuandika. Baada ya muda vidole vikalegea, simu ikateleza ikalala kwenye shuka.

Asubuhi iliyofuata madaktari walipita na wanafunzi wao. Kiongozi wao, mgeni ambaye hakuwajua, alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mke na kuuliza, "Ameamkaje?"

Mke alifungua mdomo kujibu, kisha akajizuia. Akainama sikioni mwa mumewe. "Baba watoto, daktari anauliza umeamkaje."

Macho ya Kengele yalikuwa yamefumbwa. Kope zilicheza kidogo. Wanafunzi walisubiri, mmoja akatazama saa yake. Haikujulikana kama amelala, au anasikia na amekataa. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, wakahamia kitanda cha pili.

Alifariki mchana wa siku hiyo, mkewe akiwa amekwenda kuchukua maji ya kunywa. Mazishini kaka alisimama mbele ya watu, akabonyeza vidole, akasema kwamba familia ilifanya kila lililowezekana, na watu wakaitikia kwamba ndivyo. Kipara alilia kwa sauti kubwa. Mke alikaa kimya kwenye kiti cha plastiki. Mtu akimfuata kumpa pole alitikisa kichwa tu, na walipomwuliza kama anahitaji kitu, kaka ndiye aliyewajibu.